Uliyepandikizwa ini, homa yako si homa ya jirani

MIAKA kadhaa iliyopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamume wa miaka 51, alifika katika kliniki yangu hapa Nairobi akikohoa na kulalamika kwamba koo lamwasha. Alikuwa ameandamana na mkewe. Miezi minane kabla ya siku hiyo alikuwa amefanyiwa upasuaji nchini India, akapandikizwa kipande cha ini alichotolewa na ndugu yake mdogo. Alikuwa amenawiri, macho meupe, na kovu la tumboni lilikuwa limepona vizuri. Nilimsikiliza kifua nikaona ni maambukizi madogo, nikamwandikia erithromisini ya siku saba kama ambavyo ningemwandikia mtu mwingine yeyote.

Mkewe aliitazama ile karatasi, akauliza: "Daktari, hii haitagombana na zile za India?"

"Haina neno, mama," nikamjibu.

Siku ya sita walirudi. Mwalimu alikuwa akitetemeka mikono hata kikombe cha chai kilimshinda kushika. Kichwa kilimgonga, na shinikizo la damu lilikuwa limepanda hadi 180 kwa 110. Nilipopima damu, figo zake zilikuwa zimeanza kulemewa. Kipimo kingine kilieleza kila kitu. Dawa yake ya kulinda ini, takrolimasi, ilitakiwa iwe kati ya nanogramu 5 na 8 katika kila mililita ya damu. Yake ilikuwa 27.

Kosa lilikuwa langu. Takrolimasi huvunjwavunjwa na kimeng'enya fulani kilichomo katika ini na utumbo. Erithromisini hukizuia kimeng'enya hicho kisifanye kazi, na hivyo takrolimasi hurundikana mwilini ingawa mgonjwa anameza vidonge vile vile vya kila siku. Niliwapigia simu madaktari wake wa India. Walinieleza niiondoe erithromisini mara moja, nisimamishe takrolimasi kwa muda, na nipime damu tena na tena hadi kiwango kishuke, ndipo tuirudishe kidogo kidogo. Baada ya wiki mbili hivi figo zilirudi zilivyokuwa. Nilimwomba Mwalimu radhi, na mkewe zaidi.

Nimekusimulia haya, msomaji, kwa sababu Wakenya wengi ambao ini limewaharibikia huenda India kupandikizwa jingine. Hukaa huko wiki au miezi kadhaa, kisha hurudi nyumbani na faili nene, mkoba wa dawa na nambari ya simu ya daktari aliyewapasua. Kuanzia hapo, akishikwa na homa usiku wa manane, atakayemwona ni daktari wa kawaida kama mimi, au kijana wa duka la dawa lililo karibu na kituo cha matatu. Wengi wetu hatukufundishwa mambo haya kwa kina chuoni. Basi yafaa mgonjwa mwenyewe na jamaa zake wayajue.

Mgeni asiyepewa jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwili haujui methali hiyo. Ini lililopandikizwa hubaki mgeni miaka yote, na askari wa mwili, yaani kinga, hawachoki kulichunguza.

Upasuaji wa kwanza wa kumpandikiza binadamu ini ulifanywa na Dkt Thomas Starzl mjini Denver, Marekani, mwaka wa 1963. Mgonjwa, mtoto mdogo, alifariki akiwa bado mezani. Ilipofika 1967 daktari huyo huyo alifaulu kumpandikiza mgonjwa aliyeishi zaidi ya mwaka. Lakini idadi kubwa ya wagonjwa iliendelea kufa hadi zilipopatikana dawa nzuri za kuituliza kinga ya mwili: saiklosporini katika miaka ya 1980, na takrolimasi katika miaka ya 1990. India ilipata mafanikio yake ya kwanza mwaka wa 1998. Leo mtu aliyepandikizwa ini aweza kuishi miaka 20 na zaidi, akafanya kazi, akazaa na kulea.

Dawa hizo ndizo zinazomwokoa, na dawa hizo hizo ndizo chanzo cha sehemu kubwa ya shida zake. Zikipungua, mwili hulishambulia ini. Zikizidi, figo huumia na maradhi ya kuambukiza huingia bila hodi. Maisha yote ya mgonjwa huyu ni kutembea katikati ya hatari hizo mbili.

Siku za mwanzo sitazizungumzia sana, kwa kuwa mgonjwa huwa bado yuko hospitalini huko alikopasuliwa. Damu yaweza kuvuja. Ini lenyewe, mara chache, laweza kukataa kuamka kabisa, na hapo dawa huwa ni kutafuta jingine upesi. Tena mshipa mwembamba unaopeleka damu kwenye ini kutoka moyoni waweza kuziba. Kwa sababu hiyo madaktari humpima mgonjwa kwa ultrasaundi ya aina ya Dopla, inayoonyesha damu ikipita ndani ya mishipa. Ukumbuke mshipa huo, maana nitaurudia.

Mwili unapolikataa ini

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya mwili kulikataa ini. Lakini jambo hilo laweza kutokea hata mwaka wa kumi iwapo mgonjwa ameacha dawa. Dalili zake ni uchovu, homa, maumivu chini ya mbavu za kulia, macho kugeuka manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi. Aghalabu, hata hivyo, mgonjwa hahisi chochote. Vimeng'enya vya ini hupanda katika damu kabla yeye mwenyewe hajajua kuna jambo. Ndiyo maana anaambiwa apimwe damu kila wiki mwanzoni, halafu kila mwezi, halafu kila miezi michache, hata akijisikia mzima kama kigongo.

Vimeng'enya vikipanda, kazi bado. Vyaweza kupanda kwa sababu mwili umelikataa ini, au mrija wa nyongo umeziba, au virusi vimeingia, au ugonjwa wa zamani umerudi, au dawa fulani inaliumiza ini. Majibu ya damu hutupa fununu tu. Kwanza twapima kiwango cha takrolimasi, kisha twaangalia mishipa na mirija kwa ultrasaundi. Kukiwa na shaka bado, sindano hupenyezwa katikati ya mbavu za kulia na kuchukua kipande cha ini chembamba kama njiti ya kiberiti, ambacho huangaliwa kwa darubini. Wagonjwa huogopa sindano hiyo. Nawaelewa, lakini katika suala hili hakuna kipimo kinachoishinda.

Sababu ni kwamba tiba zinapingana. Ikithibitika kuwa mwili unalikataa ini, mgonjwa hupewa dawa kali ya jamii ya steroidi kwa njia ya mshipa kwa siku tatu hivi, na takrolimasi yake huongezwa. Wengi hupona. Lakini ukimpa dawa hiyo mtu ambaye shida yake ni maambukizi, umeyafungulia maradhi mlango. Daktari anayekisia hapa anacheza kamari na uhai wa mtu.

Ipo pia aina nyingine, ya polepole, ambayo hula mirija midogo ya nyongo ndani ya ini kwa miezi au miaka. Hiyo ni ngumu kuitibu, na mara nyingine mgonjwa hulazimika kupandikizwa ini jingine. Wengi wa wanaofikia hapo walianza kwa kuruka dozi.

Nami sishangai kwamba waliruka. Sisi Wakenya tu hodari wa harambee. Kanisa litachanga, kijiji kitachanga, wafanyakazi wenzake watachanga, na tiketi ya ndege ya mgonjwa na ya mtoaji zitapatikana. Sijawahi kualikwa kwenye harambee ya vidonge vya mwaka wa nne. Mama mmoja aliniambia waziwazi kwamba alikuwa akimeza kimoja badala ya viwili ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Alikuwa amefanya hivyo kwa miezi mitano. Familia inayopanga safari ya India yafaa ipige hesabu ya dawa na vipimo vya miaka inayofuata kabla ya kununua tiketi, na daktari aulizwe mapema kama ziko dawa za bei nafuu zinazokubalika. Kubadilisha kutoka kampuni moja hadi nyingine kwaweza kufanywa, lakini kwa kupima damu kabla na baada, wala si kwa ushauri wa muuzaji kaunta.

Jambo moja dogo hapa huharibu vipimo vingi. Kiwango cha takrolimasi hupimwa asubuhi kabla ya kumeza dozi, saa kumi na mbili hivi baada ya dozi ya jioni kwa wale wanaomeza mara mbili kwa siku. Ukimeza saa mbili asubuhi kisha ukaenda maabara saa nne, kipimo kitatoka juu, daktari atakupunguzia dawa, na ini litabaki bila ulinzi. Beba vidonge vyako mfukoni, utolewe damu, ndipo umeze.

Kuwashwa bila upele

Mfanyabiashara mmoja wa nguo, mama wa watoto wanne, alianza kuwashwa mwili mzima miezi tisa baada ya kupandikizwa. Alipewa dawa ya mzio. Akapewa ya minyoo. Alipopata homa ya kutetemeka, akapewa ya malaria bila kupimwa. Alipoletwa kwangu, macho yalikuwa ya manjano na choo chake kilikuwa cheupe kama udongo wa chokaa.

Nyongo hutengenezwa ndani ya ini na kuteremka kwa mirija hadi kwenye utumbo. Wakati wa upasuaji mrija wa ini jipya hushonwa na wa mgonjwa, au na utumbo wenyewe, na hapo penye mshono ndipo penye udhaifu. Katika wiki za mwanzo nyongo yaweza kuvuja tumboni. Baadaye kovu laweza kuubana mrija hadi nyongo ikashindwa kupita. Shida hii huwapata zaidi wale waliopewa kipande cha ini na ndugu aliye hai, kwa kuwa mirija ya kipande huwa midogo, na pengine iko miwili au mitatu. Wagonjwa wetu wengi wanaotoka India wako katika kundi hilo.

Hapa ndipo unaporudi ule mshipa niliokuomba uukumbuke. Ini hupata damu kwa njia mbili: mshipa mkubwa unaotoka kwenye utumbo, ambao huleta karibu robo tatu ya damu yote, na ule mwembamba unaotoka upande wa moyo. Mirija ya nyongo, baada ya kupandikizwa, hutegemea ule mwembamba peke yake. Ukiziba kimyakimya, ini laweza kuendelea kufanya kazi huku mirija ikifa polepole. Kwa hiyo mtu akibanwa na mirija, lazima mshipa huo nao uangaliwe.

Ultrasaundi ya mama huyu haikuonyesha mengi. Kwa mtu wa kawaida mrija ulioziba huvimba ukaonekana, lakini katika ini lililopandikizwa waweza kukaa vivyo hivyo bila kutanuka. Picha ya MRI ndiyo iliyotuonyesha mahali palipobanwa. Alilazwa, akapewa dawa za kuua bakteria kwa mshipa. Kisha bingwa wa magonjwa ya tumbo alimpitishia kamera kinywani hadi kwenye utumbo, akapanua pale mahali kwa puto dogo na kuacha kibomba cha plastiki ndani. Kibomba hicho hubadilishwa kila miezi mitatu hivi, kwa takribani mwaka mmoja, hadi mrija uzoee kukaa wazi. Yeye alibadilishiwa mara tatu. Kuwashwa kulikwisha siku chache baada ya kibomba cha kwanza.

Homa ya kutetemeka pamoja na macho ya manjano kwa mtu wa namna hii si ya kusubiri Jumatatu. Ni ya kwenda hospitali usiku huo huo.

Malaria, kifua kikuu na wengineo

Maradhi ya kuambukiza yana kalenda yake. Mwezi wa kwanza huwa ni bakteria wa hospitalini na wa kwenye kidonda. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa sita, kinga inapokuwa imetulizwa zaidi, huja wale ambao kwa mtu mzima hawana nguvu: virusi vya sitomegalo, aina fulani ya nimonia, kuvu. Ndiyo sababu mgonjwa hurudi na vidonge vya kotrimoksazoli na pengine dawa ya virusi. Asiviache kwa kuwa "havihusu ini". Baada ya hapo, kama mambo ni shwari, hupata mafua na kikohozi kama watu wengine, isipokuwa kwake hupanda haraka.

Nyongeza ya kwetu ni malaria na kifua kikuu. Kuhusu malaria sina mengi: upimwe damu kwanza, kila mara, na hata kikipatikana kidudu usiache kutafuta sababu nyingine ya homa. Kifua kikuu ndicho kinachoniumiza kichwa. Kwa mtu huyu hakiji lazima kwa kukohoa damu. Chaweza kuja kwa homa ya jioni, jasho la usiku na kukonda tu, tena kikakaa kwenye tezi au uti wa mgongo. Na tiba yake ina mtego. Rifampisini, iliyo nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, hufanya kinyume cha ile erithromisini yangu: huharakisha kuvunjwa kwa takrolimasi, kiwango kikaporomoka katika siku chache na mwili ukalikataa ini. Dawa nyingine katika mchanganyiko huo, kama isoniazidi, zaweza kuliumiza ini moja kwa moja. Haina maana kwamba asitibiwe. Atibiwe, lakini kwa mpango: ama takrolimasi iongezwe maradufu na zaidi huku damu ikipimwa mara kwa mara, ama itumiwe rifabutini badala yake. Mgonjwa akienda peke yake katika kituo cha kifua kikuu bila kutaja ini lake, wahudumu watampa vidonge vya kawaida kwa nia njema kabisa.

Dawa nyingine za kuogopwa ni klarithromisini na flukonazoli, ambazo huipandisha takrolimasi, na baadhi ya dawa za kifafa, ambazo huishusha. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo sisi hununua kama peremende, huongezea figo mzigo ambao tayari takrolimasi imezitwika. Tunda la balungi nalo liachwe, pamoja na maji yake. Dawa za mitishamba sizitukani, babu yangu alizitumia, lakini kwa mtu aliyepandikizwa ini hakuna anayeweza kukuambia kilichomo ndani ya chupa ile kitafanya nini. Maziwa mabichi na nyama isiyoiva sawasawa pia si salama kwake.

Halafu kuna chanjo. Chanjo zenye virusi hai, kama ile ya homa ya manjano na ya surua, haziruhusiwi. Anayesafiri nchi inayodai cheti cha homa ya manjano aombe barua ya daktari ya kumwondolea chanjo hiyo, wala asikubali kuchomwa uwanjani ili mambo yaishe.

Miaka inayofuata

Miaka ikipita, ini laweza kuwa salama huku mwili mwingine ukilipa. Shinikizo la damu, kisukari, mafuta katika damu na figo kuchoka ni mambo ya kawaida kwa wanaotumia dawa hizi, na huwaua wengi waliovuka salama mwaka wa kwanza. Saratani za ngozi na za tezi nazo huwapata zaidi kuliko watu wengine. Homa ya ini ya aina ya B hurudi katika ini jipya isipozuiwa kwa vidonge vya kila siku. Aina ya C yaweza kuponywa siku hizi kwa vidonge vya wiki 12 hivi. Na kama ini la kwanza liliharibiwa na pombe, la pili halina kinga dhidi ya chupa. Nimeona mtu mmoja akirudia. Ndugu yake aliyempa kipande hakuja kumwona hospitalini.

Mwalimu wangu amestaafu. Hubeba kijikaratasi ndani ya pochi chenye tarehe ya upasuaji, majina ya dawa zake na simu ya daktari wa India, na akiingia kliniki yoyote hukitoa kabla ya kuketi. Mkewe huwa hanunui hata dawa ya mafua bila kunipigia. Juzi alipiga kuuliza kuhusu dawa ya minyoo, maana wajukuu wote walikuwa wamepewa shuleni. Nilimwambia, "Subiri kidogo, mama," nikafungua kitabu kwanza.